Nani Anailaza Kompyuta?

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Siku kubwa! Mkuu wa chuo, Bi Jescah, ametuita ofisini mimi na Khisa. Ile kompyuta ya kukunja tuliyopewa na wafadhili ina ugonjwa. Inalala ovyo, na ikilala haiamki mpaka uizime kabisa na kuiwasha upya. Kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Anataka mwongozo. Ueleze jinsi ya kuifanya kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaoamrisha vyuma vyote, itoboe siri: nani anaipunguzia mashine stima, na kwa nini. Mwongozo bora utachaguliwa na bodi Ijumaa, na mwenyewe atakuwa mkuu wa chumba cha kompyuta. Kazi ya kudumu! Meza yenye droo!

Ni mimi, nani mwingine? Khisa ni mtu wa taipureta. Isitoshe, nimeshamwambia baba yake Christine, kule Kabras, kwamba cheo hicho ninacho tayari. Anakuja Jumamosi kujionea mwenyewe kabla hajakubali habari ya ndoa. Kwa hiyo nimeagiza kibao cha mezani kwa fundi wa sokoni: C. WANZALA, MKUU WA KOMPYUTA. Kilichobaki ni kukipata cheo chenyewe.

Jumanne, 9 Novemba

Nimeanza kwa kishindo. Kumbe kuna maneno unayoandika kompyuta ikiwaka, apm=debug, na kerneli inaanza kuropoka kila inachofanya kuhusu stima. Khisa aliyaona kwanza kitabuni. Mimi niliyaelewa kwanza.

Nimeandika kurasa nne tamu sana. Kisha chai. Kabla ya kutoka nilifuata kanuni za chumba, ambazo nilizitunga mwenyewe: viatu vinabaki mlangoni, na ukitoka unafunga kifuniko cha kompyuta na kuitandikia kitambaa. Kitambaa kizuri, cha maua ya njano, alikifuma Sellah, sekretari wetu. Vumbi la hapa Shieywe halina adabu.

Narudi. Giza! Kurasa zangu zote zimekwenda.

Nikawasha upya, nikasoma rekodi. Kerneli imesema wazi, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba mtumiaji ndiye aliyeomba mashine ilale. Mtumiaji! Si joto, si vumbi. Mtu! Na mtu mwenye sababu hapa ni mmoja tu. Khisa alikuwa kantini wakati wote, mbele yangu, akila mandazi. Ujanja wenyewe ndio huo.

Jumatano, 10 Novemba

Nimetega mtego. Kabla ya chakula cha mchana nilifunga kifuniko, nikatandika kitambaa, nikanyunyiza unga wa mahindi juu yake. Atakayegusa ataacha alama.

Narudi. Unga haujaguswa hata kidogo. Nafunua. Mashine imelala fofofo!

Ameingia bila kugusa unga. Huyu Khisa ni hatari kuliko nilivyodhani.

Unga umemwagikia vitufe vya herufi na Sellah amekasirika kuhusu kitambaa chake. Akasema tangu kompyuta hiyo ije, mtu pekee aliyemwona akiifunga ni mimi. Nikamshukuru. Ni wachache wanaotambua mtu mwangalifu.

Nimeongeza sura ya tano kwenye mwongozo: kerneli ikimtaja mtumiaji, tafuta adui yako.

Ijumaa, 12 Novemba

Aibu. Naandika hivi hivi tu ili historia ijue.

Nilianza vizuri. Wajumbe wa bodi walivua viatu, Khisa naye akavua, na soksi yake ikatoa kidole gumba hadharani. Nikajua tayari nimeshinda. Mwongozo wake ulikuwa ukurasa mmoja. Wangu ulisimama mezani wenyewe bila kuegemea kitu. Nikawasha mashine, kerneli ikaropoka skrini nzima, wajumbe wakasogeza viti karibu.

Bi Jescah akakumbuka kwamba hatukuwa tumeanza na maombi. Kwa heshima nikafunga kifuniko na kutandika kitambaa. Huwezi kuacha mashine ikiropoka watu wakiomba. Maombi yalikuwa marefu. Amina. Nafungua.

Giza!

Nikapiga kelele: Khisa! Khisa alikuwa ameshikana mikono na Bi Jescah upande huu na mjumbe upande ule. Bi Jescah akaamuru mashine iwashwe upya, akavaa miwani, akasoma rekodi mwenyewe. Akaniuliza polepole huyo mtumiaji ni nani. Nikamjibu kwamba hilo linachambuliwa kwa kina katika sura ya tano.

Ndipo Khisa akasoma ukurasa wake. Kifuniko kikifungwa, mashine inaombwa ilale. Ukitaka isilale, usikifunge. Basi! Makofi! Watu wazima wakipigia makofi kifuniko!

Cheo kapewa yeye. Nimeumia, sitaficha. Nilipokuwa nikivaa viatu pale mlangoni machozi yalinilengalenga, nikajifanya natafuta kamba ya kiatu. Bodi yetu haina subira ya kusoma vitabu vikubwa.

Jumamosi, 13 Novemba

Bado sijashindwa. Khisa ameenda harusini Mumias. Nikamwomba Sellah ufunguo, nikaweka kibao changu juu ya meza ya Khisa. Kimekaa pale kama kilichozaliwa hapo.

Baba yake Christine alifika na koti lake la Jumapili. Akavua viatu, akasoma kibao kwa sauti, mara mbili. Nikawasha mashine. Kerneli ikaropoka vizuri ajabu. Mzee akacheka kwa furaha, akaniita mwanangu. Mwanangu! Mara ya kwanza!

Kisha akatoa kikopo cha ugoro.

Vumbi! Nikafunga kifuniko upesi, nikatandika kitambaa, nikangoja amalize kupiga chafya. Nikafungua.

Giza.

Mzee akainama, akachungulia. "Mashini yako inalalanga mchana? Na wewe mkubwa yake huwezi amsha?"

Ningeweza kuiwasha upya, lakini sikuigusa. Ushahidi hauguswi. Nikamweleza ukweli wote, kwamba ni hila za Khisa. Akauliza huyo Khisa yuko wapi. Nikamwambia yuko Mumias, harusini. Mzee akaitazama mashine, akanitazama mimi, akaanza kutafuta viatu vyake. Akasema mambo ya Christine tutayazungumza siku ile kompyuta itakapoamka.

Kutoka Mumias, jamani! Bila kugusa! Sura ya sita nimeianza usiku huu.

Kompyuta nimeifunga vizuri kabisa na kuitandikia kitambaa, ipumzike. Maisha yangu na Christine yako mle ndani. Lazima Jumatatu iamke.