Ombi la Kurudishiwa Breki Mbovu

Toledo Mashariki, Ohio
Tarehe 6 Agosti

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi,
Chama cha Magari ya Asili, Ukingo wa Maumee

Ndugu Mwenyekiti Wendell Huckaby,

YAH: KUHARIBIWA KWA GARI LANGU KWA KUTENGENEZWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha kulia. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu ambaye daktari wake amemshauri asijisumbue kununua kalenda ya mwakani. Moyo umechoka. Kwa hiyo nitasema yote sasa, na kwa mpangilio uleule niliowafundishia watoto jiometri miaka thelathini na minne: kwanza tunachopewa, kisha uthibitisho, mwisho jibu.

Tunachopewa ni hiki. Gari langu la mwaka 1969, lile la kijani lenye milango miwili na silinda nane, ambalo marehemu mke wangu Ilonka alilibatiza Loretta, limepata ngao ya Gari la Asili, yaani gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, katika maonyesho ya chama chetu mara thelathini na moja. Unalijua vizuri. Gari lako ni la mwaka uleule, rangi ileile, kiwanda kilekile, na kwa miaka ishirini mfululizo lilisimama ubavuni mwa langu likiwa la pili.

Mwezi wa Machi nililazwa hospitali wiki saba. Mjukuu wangu Teodora, ambaye ni fundi wa breki na hana soni, akachukua funguo. Niliporudi nyumbani nilikuta Loretta amewekwa vyuma vipya kuanzia chini hadi juu. Naiomba Kamati imkatalie mtoto huyu kuingia kwenye uwanja wa maonyesho Jumamosi ijayo, na imwamuru arudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Gari linawaka. Kwa zaidi ya nusu karne, kumwasha Loretta kulikuwa ibada. Unakanyaga mafuta mara tatu, unahesabu hadi kumi, unamtukana kwa Kihungari, unangoja harufu ya petroli ipungue, unaanza upya. Jirani yangu Bi. Kowalke alikuwa akitoka kila Jumamosi na birika la kahawa ili anisaidie kungoja. Sasa kabureta imeng'olewa, mafuta yanapimwa na kompyuta yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na mota inanguruma kwa mguso mmoja. Bi. Kowalke hajatoka nje tangu Mei. Juzi aliniuliza kupitia dirishani, "Gaspar, kwani ulihama?"

2. Gari linasimama. Breki za zamani hazikuwa na papara. Zilipokea ombi lako, zikalijadili, zikatoa uamuzi mbele ya safari. Ilonka alikuwa akianza Baba Yetu tukiwa posta ili amina imkute kwenye taa za darajani. Teodora amefunga breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Siku ya kwanza alipozikanyaga, meno yangu ya bandia yalitangulia hadi kwenye dashibodi. Mjukuu wangu hata hakugeuka. "Babu, okota meno upesi, taa imeshakuwa kijani."

3. Magurudumu. Inchi kumi na nane, Ndugu Mwenyekiti! Yale ya kwetu yalikuwa ya inchi kumi na nne, yamevikwa vifuniko vya kung'aa, heshima tupu. Haya yana matundu makubwa, na ndani ya matundu hayo breki zimepakwa rangi nyekundu, kila mpita njia anaziona. Ni kama kuketi kanisani mkabala na shemasi aliyesahau kufunga zipu.

4. Linakata kona bila kuyumba, kwa sababu ya springi na shokomzoba mpya. Zamani, kwenye kona, abiria alimwangukia dereva apende asipende. Ndivyo nilivyomshika Ilonka mkono kwa mara ya kwanza, na harusi ikafuata kabla ya theluji. Naiuliza Kamati: vijana wa leo wataoana vipi?

5. Linaendeshwa. Tangu mwaka 1987 Loretta alikwenda kwenye maonyesho juu ya trela, amefunikwa mablanketi kama mfalme mgonjwa, na matairi yake niliyasugua kwa mswaki. Teodora anakwenda naye kazini. Anakwenda naye kununua maziwa. Kwenye mvua, Wendell! Kwenye mvua!

6. Hili ndilo zito, na yote yaliyotangulia nimeyaandika ili nichelewe kulifikia. Teodora amelichungulia tone.

Unalijua tone lile: chini ya mlango wa kushoto, rangi ya kijani iliyochirizika ikakauka, urefu wa ukucha wa dole gumba. Mwaka 1987 aliyekuwa mwenyekiti alipiga magoti na kioo na tochi, akapiga kelele kama mtu aliyeona sanamu ikitoa machozi. Alijua kwamba nilipokuwa mwalimu kijana nilifanya kazi ya likizo kiwandani pale, kitengo cha rangi, viangazi viwili. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu Szabados, hili si tone la kiwandani hili?"

Nilikohoa.

Akaandika kwamba nimesema ndiyo. Mimi, niliyewanyima watoto wa watu alama kwa kukosa uthibitisho, nilipewa ngao kwa kikohozi.

Mwaka uliofuata likaingia katika Kitabu cha Waamuzi: magari ya kijani ya kiwanda kile, ya mwaka ule, sharti yawe na tone chini ya mlango wa kushoto, alama nne. Watu wa majimbo matatu wakaanza kudondosha rangi kwenye magari yao kwa vijiti vya meno. Gari lako halikuwa na tone. Ulipoteza alama zile nne kila mwaka, na kila mwaka ulishindwa kwa tatu, au kwa mbili. Ukanipa mkono na kusema, "Safari hii pia umenipiga, Mwalimu," nami nikajibu, "Jikaze, Wen, mwakani ni wako." Nilisema hivyo mara kumi na tisa.

Majira ya baridi kabla ya maonyesho ya 2006 ulijifungia gerejini ukalipaka tone gari la pekee katika wilaya yetu ambalo halikuwahi kuguswa na mtu. Na Kamati ikakukata nusu alama kwa kuwa tone lako lilikuwa refu mno. Hukushindana tena. Ukawa mwamuzi, na kila mwaka ukapiga magoti mbele ya tone langu kulipima.

Mwezi wa Juni Teodora alitambaa chini ya gari na taa, kisha akanijia sebuleni akifuta mikono.

"Babu, kule kiwandani mlipaka rangi kwa kifaa gani?"

"Kwa bomba la kupulizia. Kwa kingine kipi?"

"Basi mbona tone lina unywele wa brashi?"

Lina unywele kwa sababu mwaka 1978 Ilonka alikwaruza gari kwenye nguzo ya uwanja wa kanisa, akipeleka sufuria ya kabichi za kujazwa nyama kwenye sikukuu ya parokia. Akafunika mkwaruzo kwa brashi ya kupakia fremu za madirisha, na rangi ikachirizika. Hakuniambia. Niliona siku ileile, nami sikumwambia kwamba nimeona. Ilikuwa siri nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, na mimi nikaigeuza kuwa alama nne.

Basi jibu ni hili. Aya ile ifutwe Kitabuni, na barua hii isomwe mbele ya wanachama wote. Ngao ishirini nimezifunga katika sanduku la matufaha lenye jina lako. Kumi na moja zilizobaki sijui ni za nani. Pengine zinafaa kuegemezea milango. Sikuombi unisamehe kwa barua, kwa kuwa sikukukosea kwa barua. Ila ombi langu la kwanza liko palepale: Teodora arudishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Wasalimie waamuzi wote pamoja na vioo vyao vya kuchungulia. Msalimie mkeo, mweleze kwamba niliikumbuka keki yake ya mbegu za popi hata nilipokuwa nalishwa kwa mrija. Lisalimie na goti.

Mlalamikaji, ambaye pia ndiye mshitakiwa,
Gaspar Szabados

Nyongeza: Teodora amesoma barua hii kabla sijaifunga. Ameuliza, "Nirudishe kila kitu kilivyokuwa lini, Babu? Kabla ya kikohozi au baada?" Nimetafuta jibu asubuhi nzima, sina. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yangu, la kwanza hadi la tano. La tatu lisingepaswa hata kuandikwa, kwa sababu magurudumu niliyachagua mimi mwenyewe, kitandani hospitalini, kwenye simu ya muuguzi, na ile rangi nyekundu ni matakwa yangu. Jumamosi tunakuja bila trela. Tutakupitia saa tatu asubuhi, kiti cha mbele ni chako. Tukifika darajani, shikilia meno. Mtoto huyu amebadilisha kila kitu isipokuwa tone. Nilimkabidhi kikwanguo, akanirudishia. "Hili ni la Bibi," alisema. Kikwanguo nitakuja nacho. Lile lako, Wen, ukiniruhusu, nitalikwangua kwa mkono wangu.