Sahani ya Pembeni

Jumanne, 2 Septemba
Mwalimu Mwiti amealikwa tena. Anawafundisha hesabu watoto wa mwenye nyumba wetu, basi kila Ijumaa anakaa kwenye mkeka wao, mkono siniani, wali na nyama ya mbuzi. Mimi niliwatengenezea friji. Lakini friji ikishapona, nani humkumbuka fundi? Nimekula ugali chumbani na redio. Redio haijui kusema karibu.

Nimesikia jambo, hata hivyo. (Sikuwa nikichungulia. Dirisha langu ndilo linalotazama uwani.) Bilan, binti wa Saado, mama mwenye nyumba, miaka sita, maziwa yanamdhuru. Akionja tu, midomo inavimba na pumzi inambana. Kwa hiyo sinia ni marufuku kwake: wali una samli, na kila mkono umepita kwenye samli. Analishwa peke yake, na sasa amegoma kula. Saado amekwenda kwa Kanana, mtaalamu wa lishe pale hospitali. Kanana amesema sahani na kijiko vibaki vya Bilan peke yake, ila atafutwe mtu wa kula naye chakula kilekile, mtoto asile kama mfungwa.

Mtu! Wa kula! Naye!

Jumatano, 3 Septemba
Nimemwambia Saado kwamba maziwa yananidhuru mimi pia. Tangu utotoni, huko Mwingi. Nimevimbisha shavu kidogo, aone. Nyanya wa Bilan, ambaye mtaa mzima wa Galbet humwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, amenitazama kwa huruma ambayo sijaipata tangu nihamie mji huu. Akauliza, "Masikini Musyoka! Sasa wewe nakunywa nini, maji tu? Kama gari?" Ijumaa nije.

Mwiti alikuwa anapita. Alisikia yote. Raha iliyoje!

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeketi mkekani! Kwa usahihi, ukingoni mwa mkeka. Sahani mbili ndogo, yangu na ya Bilan, wali wetu umepikwa kwa mafuta kwenye sufuria yake. Sinia iko hatua moja tu, na Mwiti yumo ndani yake hadi kiwiko.

Bilan ananiita adeer, kama ndugu ya baba yake. Amenikagua. Adeer, umenawa na sabuni? Umeuliza kama kuna samli? Usipouliza utavimba kama puto. Kanana amemfunza vizuri. Kisha akala. Sahani yote! Saado akageukia ukutani, akajipangusa macho kwa mtandio.  

Jumatatu, 8 Septemba
Hasara. Arbia, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, ana friji inayoharibika kila wiki (namshukuru Mungu), na kila nikiitazama hunipa kikombe. Leo amekificha kikombe nyuma ya mtungi. Wallahi hataki maiti dukani, kasema. Habari imefika soko zima. Hotelini nimeagiza chai, nikaletewa ya rangi, na mhudumu akanisimamia mpaka nimalize. Mwiti, meza ya pili, alikuwa akifyonza chai ya maziwa kwa sauti.

Nimenunua biskuti za maziwa. Ziko mfukoni. Mtu ana haki ya faraja.

Jumatano, 10 Septemba
Bilan alikuja kunionyesha pengo la jino. Pakiti ikalia mfukoni. Kabla sijageuka, alikuwa na biskuti mkononi, akauliza kama alivyofunzwa, "Adeer, hii tunaweza kula?"

"Tunaweza," alisema: yeye na mimi.

Nimempokonya. Papo hapo Saado akatokea mlangoni. Ningesema biskuti ni ya nani? Nikaitia mdomoni, na zilizobaki pia, huku nikisema bora nife mimi kuliko mtoto.

Mayowe! Nikapakiwa kwenye tuktuk, Ayeeyo akinisomea dua, Mwiti (Mwiti!) akinipepea kwa kofia yake. Hospitalini Kanana akawatoa wote nje. Akatazama midomo, ulimi, ngozi. Akangoja. Nami nikangoja. Hata kipele hakuna. Akauliza nilivimba lini mara ya mwisho. Nikasema nilipoumwa jino.

Akasema hatanitangaza, ila niwaambie mwenyewe kabla ya Ijumaa kwisha. Na nisiingize maziwa tena karibu na mtoto yule. Kwangu ni mchezo, kwake ni pumzi. Hilo lilinichoma. Nimenawa mikono mpaka ngozi ikalalamika.

Jambo jingine: vipimo vya Bilan vimeanza kutia matumaini. Kesho daktari atamwonjesha maziwa palepale hospitali, dawa ikiwa tayari. Nyumbani asithubutu mtu.

Alhamisi, 11 Septemba
Tone. Kijiko. Kikombe. Asubuhi nzima chini ya jicho la daktari, na Bilan hakuvimba! Kanana anasema wapo watoto ambao hupona wakikua. Ayeeyo alipiga vigelegele hadi mbuzi wa jirani wakajibu. Nilifurahi, kweli kabisa.

Halafu nikaikumbuka sahani yangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilikusudia kusema. Nilifungua mdomo. Lakini Ayeeyo alikuwa akiwasimulia wageni jinsi Musyoka alivyokula sumu kwa ajili ya mjukuu wake, na mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikafunga mdomo.

Bilan yuko siniani, kati ya nyanya yake na Mwiti, samli hadi kwenye nyusi. Mara akainuka na tonge, anakuja kwangu, anilishe. Ayeeyo akamkamata gauni. "Rudi! Na samli kwa mkono? Wewe nataka kuua adeer yako?"

Bilan akasimama. Akauficha ule mkono mgongoni, kama alivyofunzwa. Akanipungia kwa mwingine, ulio safi.

Nimemaliza wali wangu. Hauna ladha.

Jumamosi, 13 Septemba
Ningeweza kuwaambia kwamba nami nimepona. Lakini watamuuliza Kanana, na Kanana ana uso usiojua kuficha.

Friji ya Arbia imeharibika tena. Anasema mjukuu wake, Abdihafid, amekatazwa mayai. Anakula kando huku akilia. Wameshauriwa watafute mtu wa kula naye.

Mayai sikuwahi kuyapenda sana.

Nimevimbisha shavu kidogo, aone.