Njia ya Baiskeli Itaondolewa Jumamosi, Kila Mtu Aje na Jembe Lake

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hakuweza kufika, mwakilishi wake ambaye naambiwa yuko njiani tangu juzi, wachungaji na mashemasi, marais wa makorali yote ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, washona nguo, wenye kabaza, baiskeli zetu za teksi, na abiria wenu, bababa, bamama, na ninyi batoto muliopanda juu ya ukuta, shukeni. Mimi, Evariste Lwaboshi, Presida wa Komite Kuu Ndogo ya Njia za Magurudumu Mawili, mwenye sertifiketi tisa za semina za Lilongwe, mbili zikiwa za semina moja, nawasalimu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Delphin, sekreteri wake.)

Kama munavyofahamu, au kama mungefahamu kama mungekuwa munakuja kwenye mikutano, komite yangu, kwa mkakati shirikishi, jumuishi na wa kujenga kapasiti ya mastekiholda, ilijenga njia ya kisasa ya baiskeli kutoka hapa mpaka barabara ya lami, kilomita tatu nukta saba, upana mita mbili, mstari wa manjano katikati, na taa. (Kicheko. Mtu anauliza taa gani.) Swali la taa ni la kiteknikali. Raporti ya feyzi ya kwanza ina kurasa arobaini, na picha yangu ya rangi nikikata utepe ndani ya ukumbi wa hoteli. Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia tisini na nne ya wenye baiskeli wanaifurahia njia hiyo, na asilimia kumi na moja waliobaki wanakaribia kuifurahia.

Sasa, ndugu zangu, maendeleo hayakai mahali pamoja. Hata hema la Musa lilikuwa linang'olewa na kubebwa. Kwa hiyo komite imekaa, imepima, na imeamua kwa sauti moja, kwa sababu siku hiyo nilikuja peke yangu, kwamba njia hiyo iondolewe ili kupisha feyzi ya pili, ambayo itatangazwa ikishajulikana ni nini. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, itakuwa salongo, kazi ya pamoja ya watu wote. Kila mtu aje na jembe lake, tuichimbue kutoka geti mpaka lami. (Minong'ono. Wenye kabaza wanalaza baiskeli zao chini, moja nyuma ya nyingine, kuikinga njia.)

Musilaze baiskeli, wapenzi. Zitashika mavumbi.

(Mama Léoncie, mshonaji na kiongozi wa korali ya bamama, anasimama. "Baba Presida, na heshima yako, unasema njia gani? Ile tulitengeneza siye na salongo, kila korali na kipande yake? Hapa mpaka kwa pompi ya maji njo kipande yetu. Mawe tulibeba ku kichwa.")

Asante sana, mama. Ni swali zuri, ndiyo maana nitalijibu kwa maandishi.

(Mama Léoncie hakai. "Mi sijui kusoma maandishi yako. Binti yangu Douce alishikwa na uchungu, Vainqueur akamubeba na kabaza kwa ile njia, malori ya tumbaku inapita pale pembeni inaenda Kanengo, akafika hospitali muzima, na mutoto muzima. Mukiichimbua, mama wa kesho atapita wapi? Chini ya lori?" Wengine wanaangalia chini.)

Mama, komite inatambua uzazi. Uzazi uko ukurasa wa thelathini na mbili. Lakini acheni niwaeleze kiutawala, kama watu wazima. Jumatatu wanakuja wageni kutoka Lilongwe kufanya monitoringi. Ni watu wa kuuliza. Wakikuta udongo umepinduliwa, majembe yameegemezwa kando, na ninyi mumechoka, watasema kweli hapa palikuwa na njia, inaondolewa kwa utaratibu, na watapiga picha. Lakini wakikuta kinjia cha udongo kimefagiwa, na mawe yamepakwa chokaa kando, watauliza mstari wa manjano uko wapi. Hapo mutaniaibisha mimi, na aibu ya Presida ni aibu ya jamii nzima. Naomba mavumbi ya asubuhi moja tu. Kuchimba si kazi kubwa, na kutengeneza tena munajua wenyewe.

(Vainqueur, mwenye kabaza, ameketi juu ya baiskeli yake. "Presida, hata leo mi njo nimekubeba kutoka ku lami. Mbona haukuniambia tupite kwa ile yako ya manjano? Mi nimepoteza nguvu bure." Kicheko kirefu. Hata mchungaji anafunika mdomo.)

Vainqueur, wewe ni dereva, masuala ya njia tuachie wataalamu. Na ninyi, musicheke, hili jambo lina itifaki.

(Mama Léoncie anatoa karatasi ndani ya kitenge chake. Anasema wameandika majina ya wote wanaokataa njia kuchimbuliwa, watu mia nne na kumi na wawili.)

Mia nne? Lete, mama, lete hapa. Ndugu zangu, nipeni nafasi ya kufikiri mbele yenu, jambo ambalo sifanyi mara nyingi. Watu mia nne wanapinga kuondolewa kwa njia yangu. Je, mtu anaweza kupinga kuondolewa kwa kitu ambacho hakipo? Hawezi. Basi upinzani wenu ni ushahidi, tena wenye sahihi, na mimi nimewapenda kuliko siku zote. Komite inafuta uamuzi wake mara moja. Hakuna jembe Jumamosi. Delphin, simama, soma kwa sauti, wote wasikie.

(Delphin anasoma. "Sisi wote tunakataa kuharibu njia ya salongo. Kutoka geti mpaka pompi, ilitengenezwa na korali ya bamama wa Fizi. Kutoka pompi mpaka daraja la miti, vijana wa Uvira. Kutoka daraja mpaka lami, Barundi na wenye kabaza. Komite ya Presida haina kipande." Vigelegele. Baiskeli zinainuliwa.)

Delphin, kuna kusoma na kuna kusoma.

Basi, tumalize kwa moyo wa umoja. Nikisema magurudumu, ninyi museme mbele. Magurudumu. (Kimya.) Nikisema komite, ninyi museme kazi. Komite. (Mtu anakohoa.) Vizuri, naona ujumbe umefika. Nawashukuru wahandisi ambao hatukuwaita, lami ambayo haikushushwa, mafundi wa rangi ambao mpaka leo hawajui kwamba walipiga mstari, na picha ile ya utepe, kwa sababu utepe njo kitu pekee tulichokuwa nacho. Nakushukuru wewe, Mama Léoncie, mpe Douce salamu zangu. Zikomo kwambiri, asanteni sana. Na kabla hamujatawanyika, nilikuwa nina ombi moja dogo kwa makorali yote: ile njia yenu, munaweza kuniazima Jumatatu? Wageni wanakuja saa tatu. Saa sita nitakuwa nimeirudisha.