Bata Mzinga wa Boga

Merv Tolhurst alikuwa ameapa mbele ya mji mzima wa Gympie, huko Australia, kwamba hakuna kiumbe chenye miguu, mabawa wala magamba ambacho yeye akikiweka motoni hakitaiva kwa adabu. Na watu waliamini! Nusu ya umri wake alikuwa mwenye bucha. Tumbo lake lilitangulia kuingia dukani, yeye akafuata baadaye kama msindikizaji. Kila Krismasi moshi wa jiko lake la uani uliwatoa mate mbwa wa mtaa wa tatu.

Lakini Mungu hakupi vyote. Alimpa bucha, akampa kisu, kisha akampa binti asiyekula nyama.

Ilikuwa kama kinyozi kuzaa mtoto aliyeapa kutonyoa. Tamsin, mwanawe wa pekee, aliacha nyama alipokwenda chuo, na baba yake akangoja upepo huo upite. Haukupita. Krismasi iliyotangulia, Merv akaamua kuusukuma. Akampikia binti supu ya karoti, na kwa siri akaitilia mchuzi wa mifupa ya kuku. Tamsin akanywa, akasifu, akalamba kijiko. Hapo Merv akasimama mezani kama mgombea aliyeshinda kura.

"Mnaona? Amekula kuku na hajafa!"

Ni kweli, Tamsin hakufa. Alichukua ufunguo wa gari lake, akarudi Brisbane, na tangu siku ile Merv akawa anaisikia sauti ya binti yake kupitia ukutani tu, mama mtu akizungumza naye kwa simu chumbani.

Sasa Tamsin alikuwa na mimba ya miezi minane, na amekubali kuja Krismasi.

"Sikiliza, Merv," mkewe Noelene alimwambia, amemnyooshea mwiko usoni. "Nimembembeleza huyu mtoto hadi ulimi ukaota sugu. Ukileta za kuleta safari hii, mjukuu wako utamwona kwenye picha."

Merv hakumwambia mtu, lakini kwenye droo ya soksi alikuwa ameshaficha viatu viwili vya kufuma, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba chake.

"Chakula kikuu nitapika mimi," akasema.

"Utapika nini? Nyama hali, samaki hali. Na mjamzito hapewi jibini laini, wala yai bichi, wala maharage yaliyochipua."

"Huyo ni mjamzito au mfungwa?"

"Merv!"

"Nauliza tu!"

"Kama ni kuuliza, mpigie simu umuulize mwenyewe anapenda nini."

Merv akajipiga kifua. "Bingwa haulizi. Bingwa anapika."

Kesho yake akarudi kutoka sokoni amekumbatia boga kubwa kama mtungi wa gesi. Jirani yake Kosta, mzee wa Kigiriki aliyekuwa akimwagilia nyanya zake ng'ambo ya uzio, akazima maji ili aone vizuri.

"Merv, umejifungua?"

"Cheka, jirani, cheka! Hili nitalipika hivi kwamba bata mzinga akiliona ataandika barua ya kujiuzulu!"

"Hilo ni boga, ndugu yangu. Boga halina hata mfupa."

"Mfupa nitaliwekea!"

Tatizo la Merv ni kwamba alijua kupika kitu kilichokwisha kufa tu. Kwa hiyo akaanza kwa kulitundika lile boga bandani kwenye kulabu yake ya nyama, mbele ya macho ya Noelene. "Nyama isiyotundikwa haina ladha," Merv alieleza. Akalipaka chumvi. Akalikanda mgongoni, eti lilegee misuli. Akanoa visu hadi vikatoa sauti ya kengele, akalitoboa juu, akalitoa "matumbo" kwa heshima zote, kisha akalijaza wali, dengu, uyoga na karanga za makadamia. Mapaja akayachonga kwa viazi vitamu, akayapachika kwa vijiti. Shingo ilikuwa karoti. Mabawa yalikuwa majani ya kabichi, na ukiyatazama kwa jicho moja, umesimama mbali, jua linakupiga usoni, hakika ungesema huyu ni bata mzinga. Aliyegongwa na lori, lakini bata mzinga.

"Sasa mvuke usitoroke," akajisemea. Akaliziba tundu kwa donge la unga, akalishona kwa uzi wa bucha, akalifunga kamba kifuani, tumboni na kiunoni kama maiti ya Farao. Akaliweka kwenye jiko la gesi la uani, akashusha mfuniko wa chuma na kuufungia komeo.

"Merv," Kosta aliita kutoka kwake, "umeliachia pa kupumulia?"

"Boga halipumui, mzee! Ulisema mwenyewe halina mfupa, sasa limepata mapafu?"

Joto la Krismasi ya Queensland unalijua: hata mjusi anatembea kwa ncha za vidole. Uani pale jiko lilikuwa likitetemeka kidogo, na Merv, ndani ya aproni yake iliyopigwa pasi, alidhani linatetemeka kwa furaha.

Gari la Tamsin likaingia. Akashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele. Mumewe alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo Tamsin alikuja peke yake. Merv akamwendea mbio. Alikuwa ameandaa hotuba nzima, lakini kilichotoka ni hiki:

"Hakuna kuku!"

"Habari na wewe, Baba," Tamsin akasema, hakutabasamu.

"Hakuna kuku ndani, wala mfupa, wala mafuta, hata jiko nimelisugua kwa sabuni mara..."

"Baba. Huo ni moshi wa nini?"

"Huo? Huo ni ufundi!" Merv akageuka, akapanua mikono yote miwili kama mwongoza kwaya. "Mabibi na mabwana, nawaletea..."

BUUUM!

Mfuniko ulipaa. Watu wa Gympie hadi leo wanabishana ulipaa umbali gani, lakini ulitua kwenye nyanya za Kosta. Boga likafuata, si zima, kwa mafungu. Wali ukanyesha juu ya paa. Dengu zikapiga madirisha kama mvua ya mawe. Paja moja la kiazi likaning'inia kwenye kamba ya nguo katikati ya sidiria za Noelene. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Siku hiyo ua wote wa nyumba, kuanzia langoni hadi bandani, ulikuwa boga tupu.

Kisha ng'ambo ya uzio ikasikika sauti ya Kosta, ya upole kabisa:

"Merv? Hiki kilichoniingia shatini ni kidari au paja?"

Lakini Merv hakumsikia. Alikuwa amemwona Tamsin. Binti alikuwa ameketi chini kwenye majani, amelishika tumbo kwa mikono yote, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka.

"Uchungu!" Merv alinguruma. "Uchungu umeanza! Noelene! Maji ya moto! Taulo! Nimemzalisha mtoto kwa boga!" Akachomoa simu kwa vidole vyenye uyoga, akapiga namba ya dharura. "Haraka! Binti yangu anajifungua, boga limelipuka!"

"Tulia, bwana," sauti ya mwanamke ikamjibu. "Nani amelipuka?"

"Boga!"

"Boga ni jina la mama au la mtoto?"

"Baba..." Tamsin alikuwa akijaribu kusema, pumzi hana. "Baba, kata simu... nacheka! Nacheka tu!"

Merv akasimama, simu sikioni, karoti begani. Ni kweli alikuwa anacheka, anacheka hadi analia. Tangu lini hajaisikia ile sauti bila ukuta katikati? Akaomba radhi kwenye simu, akaikata, na uso wake ukaanza kupasuka kwa tabasamu.

Ndipo upepo ukageuka. Harufu ya boga lililoungua ikampata Tamsin puani. Kicheko kikakatika, akainama mbele, na akavitapikia viatu vya baba yake.

"Samahani," akasema akijifuta mdomo. "Ni boga. Tangu mimba iingie, harufu yake tu inanipindua tumbo. Mboga zote nakula, isipokuwa boga."

Mboga zote! Merv alitazama ua. Alitazama paa. Kundi la kasuku weupe lilikuwa limeshatua huko juu, linagombania makadamia kwa kelele za mnada.

"Si ungeniuliza tu, Baba?"

Merv akazungusha aproni mikononi. Yule mtu wa majigambo hakuwepo tena. Kulikuwa na mzee mmoja mnene aliyejaa dengu.

"Niliogopa," akasema. "Ningepiga, ungepokea?"

Tamsin akajipangusa wali magotini. "Ningeiacha simu ilie kidogo," akasema. "Halafu ningepokea."

Akanyoosha mkono ili ainuliwe, na Merv akamwinua taratibu kuliko alivyowahi kuinua kitu chochote maishani mwake.

"Sasa unataka kula nini, mwanangu?" akauliza. Swali hilo lilimtoka kwa shida kama jino.

"Viazi vya kuchemsha. Basi."

"Vya kuchemsha? Bila... bila kitu?"

"Merv," Noelene akamkata, "kamenye viazi."

Akaenda kumenya. Alipokichukua kile kisu chake cha bucha, Tamsin akakohoa tu kidogo, naye akakirudisha akachukua kikwangulio cha plastiki. Bingwa wa Gympie akaketi kwenye kigoda cha jikoni, miguu peku, akikwangua viazi huku mkewe akikagua ndoo ya maganda na kumuuliza kama anamenya au anachuna ng'ombe.

Noelene akavichemsha viazi, vikaiva. Kosta naye akaalikwa, kwa kuwa chakula chake cha mchana kilikuwa chini ya mfuniko. Tamsin akala sahani ya kwanza bila kuinua kichwa, akala ya pili, akaomba ya tatu.

"Mama, mkono wako haujambo," akasema akijiegemeza kitini. "Sijala kitu kitamu hivi tangu mimba ianze."

Merv akavuta pumzi, tumbo likapanda, kifua kikajaa.

"Chumvi niliweka mimi," akasema.

Tamsin akatafuna kidogo, akafikiri, akavuta jagi la maji.

"Aa," akasema. "Ndiyo maana imezidi."