Zastava Itafika kwa Tihomir

Jumapili, 14 Desemba

Mke wangu Vukosava amepiga simu. Hakunisalimu. Kasema Ijumaa ni slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, Nikola, nyumbani kwa kaka yake Tihomir, na binti yetu Nevenka anakuja kutoka Austria na mgeni. Nikitaka yeye mwenyewe arudi nyumbani, nikamchukue siku hiyo kwa gari. Kwa gari, Dragutin, si kwa maneno. Akakata.

Mgeni gani? Sikuuliza. Nilikuwa na hasira.

Mwezi uliopita aliondoka kwa basi. Basi! Mke wa mtu mwenye gari, na masanduku mawili, kijiji kizima kikitazama. Eti amechoka kuambiwa "kesho litawaka". Haya, gari letu, Zastava ya marehemu baba, imekaa juu ya matofali kwa muda. Lakini ni nzima. Inataka mtu wa kuielewa tu, na mtu huyo ni mimi.

Tihomir anaomba Mungu nisifike. Amesahau kitu kimoja: kwenye slava haalikwi mtu na hafukuzwi mtu. Mlango uko wazi hata kwa adui. Nitakula samaki wake, nitapiga honi, nitaondoka na mke wangu.

Jumatatu, 15 Desemba

Imewaka! Nimelia kidogo. Hakuna aliyeona.

Tatizo ni dogo. Redio inasema baridi kali inakuja, na rejeta ina maji matupu ya kisima, kama kila kiangazi tangu enzi za baba. Maji yakiganda, injini inapasuka. Lazima niyamwage na kutia dawa isiyoganda. Lakini dawa hiyo hapa kwetu inauzwa duka moja tu. La nani? La Tihomir. Nikinunua leo, jioni atakuwa anamsimulia dada yake huku akicheka mpaka kitambi kinatikisika. Bora nife.

Nimefungua kizibo cha chini. Maji yametoka mekundu kama supu ya paprika. Stamenka, jirani yetu mjane, alikuwa ameshaegemea ua. Mwanamke huyu hubadilisha dawa ya gari lake mwenyewe kila vuli, tena barabarani, ili tumwone. Kanishauri nisiisugue rejeta. Eti, "Hiyo kutu iache, jirani, ndiyo inayoziba matundu. Ukiiosha utalia."

Nimemwambia akachunge kabichi yake kwenye pipa. Nimemimina siki chupa nzima, nikaacha injini ingurume. Kutu yote imetoka. Rejeta inang'aa ndani. Kazi ya fundi!

Jumanne, 16 Desemba

Rejeta inavuja kama chujio.

Mabati ya siku hizi hayafai. (Gari ni la mwaka themanini na tatu, lakini hoja inabaki palepale.) Stamenka alipita na kikapu, akatazama dimbwi chini ya gari, akasema tu, "Asiyesikia la mkuu." Hakumalizia. Angemalizia ningemrushia spana.

Baba alikuwa na dawa ya matundu: yai bichi. Unalivunja ndani ya rejeta ya moto, linaiva, vipande vinakwenda kuziba penye tundu. Nimetia moja. Bado. Nimetia mengine, mpaka kuku wamenitazama vibaya. Nimeongeza pilipili manga. Imeacha kuvuja! Nani anahitaji duka la Tihomir?

Harufu ni ya mgahawa wa stendi. Nitaendesha madirisha yakiwa wazi.

Alhamisi, 18 Desemba

Kesho ndiyo siku. Baridi imefika, beseni la kuku limekuwa jiwe. Rejeta niliimwaga jana usiku; maji matupu hayawezekani tena.

Asubuhi Stamenka kaja na dumu la dawa, jipya, halijafunguliwa. Kasema nichukue, ni salamu ya sikukuu. Kasema pia amemkumbuka sana Vukosava, kahawa ya peke yake haina ladha. Nikamwambia sitaki sadaka. Ningechukua, kesho kutwa kijiji kizima kingejua kwamba Dragutin amefikishwa kwa mkewe na mjane. Kaliweka getini akaenda zake. Na likae.

Halafu wazo likanijia. Nalisema wazi: ni wazo la mtu mwenye akili. Ni nini hakigandi katika nchi hii hata barafu ikipasua mawe? Rakija, pombe yetu kali ya plamu!

Yangu niliimaliza tangu Vukosava aondoke. Lakini chini ya mti wa peasi kuna magaloni mawili ya kioo. Marehemu baba mkwe aliyafukia siku Nevenka alipozaliwa, rakija ya plamu zake mwenyewe, yafukuliwe siku ya harusi yake. Desturi nzuri. Lakini harusi iko wapi? Nevenka yuko Austria, hana mpango, kila Pasaka nikimuuliza anabadilisha mazungumzo. Rakija imelala bure ardhini wakati mama yake analala kwa watu. Mzee angenielewa. Hakuwahi kunielewa, lakini kwa hili angenielewa.

Nimewasha moto chini ya mti ili udongo ulainike. Nimetoa galoni moja. Nusu rakija, nusu maji. Nilionja kwanza, kwa usalama wa gari. Mungu wangu. Machozi yalinitoka. Mzee alijua kazi yake, mshenzi yule.

Ijumaa, 19 Desemba, Mtakatifu Nikola

Naandika haraka.

Gari lilikwenda. Hilo liandikwe. Nilipita mbele ya kanisa nikiimba. Kwenye mlima wa mwisho mshale wa joto ukapanda, ukagonga mwisho, ukabaki hukohuko. Sikusimama. Ningesimama vipi, geti la Tihomir naliona?

Nilifika. Nilipiga honi. Boneti ikatoa mvuke kama kiwanda.

Wageni wote wakatoka na gilasi mikononi. Mvuke ukawafunika. Harufu ya plamu ikajaa uani, na chini yake, kwa mbali, mayai. Mzee mmoja akavuta pumzi kwa nguvu, akatangaza kwamba hii ni bora kuliko ile ya mezani. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Vukosava hakucheka. Alisimama kizingitini na sinia la ngano tamu ya kuchemsha, ya sikukuu. Akanusa. Uso wake ukabadilika taratibu. Aliuliza polepole, "Dragutin, hii si ya baba?"

Nikamwambia ni themostati ya injini imeharibika.

Nyuma yake alikuwa Nevenka, na kijana mrefu mwenye miwani. Nevenka kasema huyu ni Lukas, wanafunga ndoa mwezi wa tano, na alitaka mimi niwe wa kwanza kujua. Alikuwa analia. Sijui ni furaha au ni mvuke.

Hakuna aliyenifukuza. Tihomir kanishika bega na kusema, "Ingia, shemeji. Leo hatufukuzi mtu." Tabasamu lile nitazikwa nalo. Ndani, Vukosava akaniletea kijiko cha ngano kama anavyompa kila anayeingia. Akasema, "Karibu, mgeni." Mgeni! Mimi! Nikala. Ilikuwa tamu.

Sikumwomba arudi. Niliona haya. Nilivutwa hadi nyumbani na trekta la Tihomir.

Jumapili, 21 Desemba

Vukosava amepiga simu. Safari hii aliongea taratibu, na hilo lilinitisha zaidi. Kasema haniulizi chochote kuhusu galoni lile. Anataka jambo moja tu: nimletee lile la pili, likiwa zima, walitunze kwa kaka yake mpaka harusi. Nikimletea, tutazungumza. Kasema "tutazungumza"! Hajasema hivyo tangu vuli.

Nimefikiri mchana kutwa. Kosa la Ijumaa nimeligundua: maji. Maji ndiyo yaliyochemka, rakija ilionewa tu. Ingekuwa rakija tupu, injini ingefika baridi kabisa.

Sasa, siwezi kumpelekea galoni kwa basi. Atanidharau. Lazima nimpelekee kwa gari. Masalio ya galoni la kwanza niliyanywa Ijumaa usiku, kwa haya. Rejeta inakunywa nusu ya galoni tu. Nusu nyingine najazia maji ya kisima, nafunga kizibo, nani atajua? Mpaka mwezi wa tano mambo yatakuwa yamechanganyika yenyewe.

Stamenka kauliza ng'ambo ya ua kama sasa nimechukua lile dumu. Nimelichukua. Linazuia geti lisipigwe na upepo, linafaa sana.

Mayai yapo. Moto chini ya peasi umeshika. Naenda kutafuta sepetu.