Uzinduzi wa Mnara wa Kutazamia Bahari, Mlima Kragebjerg

Mheshimiwa Meya, uliyetutumia salamu kutoka nyumba yako ya likizo, waheshimiwa madiwani mliopo hapa na mliopo kwenye foleni ya bia, Bwana Svend Aage, Mwenyekiti wa Chama cha Moto wa Mkesha wa Yohana, wenyeviti wa vyama vingine vyote, maana hapa Vesterlund watu watatu wakijikinga mvua chini ya mti mmoja, mvua ikikatika wana chama, katiba na mweka hazina, mabibi na mabwana, watoto mliokwisha kuunguza mikate yenu kwenye vijiti, mbwa, na ninyi kalunguyeye mliohamishwa asubuhi ya leo kutoka kwenye rundo la kuni ili msiungue: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbwa mmoja anabweka.)

Mimi, Preben Tolstrup, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani, Mandhari na Mabenchi kwa awamu ya nne mfululizo, kwa kukosa mpinzani, ninayo furaha isiyo kifani kusimama katika kilele hiki cha Mlima Kragebjerg, ambao ni mlima, nasisitiza, ijapokuwa wageni wetu wa Norwe mwaka jana waliuliza mlima uko wapi nao wamesimama juu yake. (Kicheko.) Mmeniona wenyewe, dakika chache zilizopita, nikiuwasha moto huu wa Mkesha wa Yohana kwa mwenge, kama desturi ya kila kiangazi inavyomtaka mtoa hotuba, na bila shaka mmeona jinsi unavyowaka mwaka huu, hauna majani mabichi, hauna kusuasua, moto mkavu, moto wenye visheni, jambo ambalo wataalamu watalieleza kwa njia zao lakini mimi naliita uongozi bora. (Sauti: "Tai ya mchawi ni yako, Preben!") Ni yangu. Mke wangu ndiye aliyemvalisha yule mchawi wa matambara tunayemchoma juu ya rundo kila mwaka, na amesema tai hiyo ilistahili kuungua tangu uchaguzi wa kwanza.

Ndugu wananchi, tuingie kwenye ajenda. Bustani hii ina kibao kilichoandikwa "Mandhari ya Kuvutia", na Kamati yangu imefanya upembuzi yakinifu shirikishi, ikabaini kwamba ukisimama juu ya benchi la tatu, ukakunja shingo kuelekea kulia, unaliona paa la duka la magodoro. (Kicheko.) Bahari ipo. Asilimia mia moja na nne ya wananchi waliohojiwa wanakubali kwamba bahari ipo. Ila imezibwa na ile miti mirefu, na miti haikatwi, kwa sababu ina popo, na popo nao wana chama.

Sasa, anayeumia ni nani? Anayeumia ni Bibi Bodil Ravnkilde, yule pale kwenye kiti cha magurudumu mwenye blanketi la buluu, aliyenifundisha hesabu shuleni. Kuhusu zile asilimia, msimlaumu yeye. (Bibi Bodil: "Nilijitahidi.") Amezaliwa kisiwani Ryllø, pale ng'ambo, na huko amebaki mdogo wake, Tage, mzee wa miaka themanini na minne. Magoti ya Tage hayapandi tena feri, na Bibi Bodil akipanda feri hutapika mpaka ng'ambo. Kila Mkesha wa Yohana Tage huwasha moto ufukweni, kisha humpigia dada yake simu: "Unaniona?" Na kila mwaka Bibi Bodil humjibu: "Naona miti."

Nikamwahidi mnara. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kukimbia deni mbele ya mwalimu wangu. Mnara wa mbao, wenye njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, urefu wa kuipita miti yote na kumwona Tage mpaka vifungo vya koti. Na ule muda wa maneno matupu, vikao, semina na kamati ndogo ya kuchagua kamati ndogo umekwisha! Mbao zimefika! Za mwaloni mkavu, teule, zimekaa nyuma ya kioski zikiwa zimefunikwa turubai la kijani, na kesho asubuhi mafundi wanaanza! (Hakuna makofi.) Nimesema zimefika.

(Svend Aage, kutoka mstari wa mbele: "Ngoja kwanza, Preben. Turubai la kijani?")

La kijani, Svend Aage.

(Svend Aage: "Sisi asubuhi tulikuwa tunahamisha rundo, si unajua, kwa ajili ya kalunguyeye. Tukakuta nyuma ya kioski mbao kavu, zimepangwa vizuri. Tukasema, jamani, safari hii halmashauri imetukumbuka.")

Naomba kidogo nishauriane na wataalamu. (Anageuka, anautazama moto kwa muda mrefu.) Wataalamu wamethibitisha. Ile nguzo anayoungulia mchawi ni nguzo kuu ya mnara.

(Mtu anaangua kicheko, anazibwa mdomo.)

Cheka, ndugu, cheka. Wengine hujipalia makaa. Mimi nimejipalia mnara mzima, kwa mwenge, mkiwa mnanipigia makofi. Na mkoba huu una kurasa kumi na moja za hotuba zinazoeleza faida zake. Bibi Bodil, nisamehe. Kusema kweli nimeumia. Nilitaka umwone ndugu yako, basi, hayo mengine yote ni makelele yangu.

(Bibi Bodil: "Usilie, Preben. Hata shuleni ulikuwa unalia kabla sijasahihisha.")

Na hiyo simu inayolia, tafadhali, tuko katikati ya… Ni nani, Bibi Bodil? Tage? Weka spika, mama, sote tusikie.

(Sauti ya mzee kwenye simu: "Bodil! Huko kwenu mnaunguza nini, kanisa? Moshi umenyooka juu ya miti, mweusi, mrefu! Niko hapa ufukweni, nakuona! Unanisikia? Nakuona!")

(Bibi Bodil ameshika simu kwa mikono miwili.)

Ndugu wananchi! Kwa mamlaka niliyopewa na Kamati, natangaza kwamba mnara umekamilika kabla ya wakati, na urefu wake umevuka lengo mara tatu! Mandhari kwa wote! (Umati: "Moshi kwa wote!") Maendeleo! (Umati: "Yanaungua!") Namshukuru Svend Aage na chama chake kwa ujenzi wa haraka, nawashukuru kalunguyeye ambao bila wao tusingefika hapa, na nawashukuru ninyi nyote mliopanda mlima huu kuzindua mnara ambao haujawahi kusimama wala hautasimama, maana mbao zilikuwa hizo hizo. Bibi Bodil, mpungie mkono ndugu yako. Upesi, mama, upepo unageuka.