Kompyuta ya Kimya na Usingizi wa Abti Kerrow

Jumatatu, 13 Januari 2025

Vita vimetangazwa! Hapa hapa Bulla Iftin, mtaani kwetu Garissa, mbele ya sinia la wali.

Abti Kerrow, mjomba wangu na mwenye nyumba, alinawa mikono akasema kile chumba cha pembeni kitakuwa cha mtu mmoja tu kuanzia mwezi ujao. Ama mimi, Mohamedamin, ninayekikalia tangu nimalize chuo. Ama Abdimalik, mpwa wake mwingine, aliyefika juzi kutoka Wajir na begi moja na adabu nyingi mno. Kitanda cha Abti kimeegemea ukuta wa chumba hicho, na kila siku baada ya adhuhuri anajinyoosha. Basi, wiki ijayo tutakikalia kwa zamu, siku mbili mbili. Yule ambaye Abti atalala vizuri akiwa upande wa pili wa ukuta, chumba ni chake. Mwingine atahamia stoo, kwenye magunia ya makaa.

Halafu akanitazama mimi. Akasema kompyuta yangu anaisikia tangu anapolaza kichwa mpaka alasiri.

Nimeelewa! Mtu mzima hakugombezi mbele ya wali. Amesema kelele, bila kusema kelele.

Na kweli mashine yangu ni kuukuu. Feni imelegea. Nikicheza gemu ya mpira inanguruma kama kinu cha kusaga mahindi.

Chai haijapoa, mpango ulikuwa tayari. Nitajijengea kompyuta mpya ya gemu, kifaa kimoja kimoja, isiyotoa sauti hata ya mbu. Na ile kuukuu? Nampa Abdimalik. Zawadi! Zamu yake ikifika, aiwashe, imngurumie Abti sikioni. Nimempelekea mwenyewe barazani anakolala kwa sasa. Kijana amenishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Ikapita.

Idman, binti yake Abti, alikuwa akianika nguo. Akaniuliza nimekuwa mkarimu tangu lini.

Jumanne, 14 Januari

Kichwa kinauma. Nimetazama video za kujenga kompyuta tangu asubuhi, na sasa najua kidogo kuliko jana.

Kumbe kompyuta ni ukoo mzima! Kuna prosesa, ndiyo inayofikiri. Kuna bodi kuu, ndiyo inayowabeba wote. Lakini prosesa haikubali kukaa kwenye bodi yoyote tu, ina soketi yake. Vijiti vya kumbukumbu vina vizazi: cha kizazi cha nne hakiingii pa kizazi cha tano, hata ukikibembeleza. Kadi ya picha inaweza kuwa ndefu kuliko kasha lenyewe. Jamaa wa video kila dakika anasema hakikisha vifaa vinaoana. Sawa bwana, lakini vinaoanaje? Nani anamposa nani?

Nimeamua kutumia akili yangu mwenyewe. Watu wa ukoo mmoja hufanana sura. Kwa hiyo vifaa vyote viwe vyeusi vyenye mstari mwekundu. Kwisha maneno.

Wa kuninunulia ni Yarrow, dalali wa ngamia. Anaondoka leo na lori la mifugo kwenda Nairobi, na maduka ya Islii anayajua ngazi kwa ngazi. Mtamba wangu wa ngamia, aliyeko Hadado kwa Mama, atauzwa, ndiye anayegharamia yote. Mama bado hajaambiwa. Yarrow alinisikiliza kwa makini, akauliza kama nataka kijana au aliyekwisha kuzaa. Nikasema nataka mpole. Akasema mnyama mpole humjua kwa macho tu, nisiwe na wasiwasi.

Sina wasiwasi. Kwa nini niwe na wasiwasi?

Alhamisi, 16 Januari

Vifaa vimefika! Vyeusi vyote, mstari mwekundu vyote. Yarrow anasema kila kimoja alikinyanyua kwanza, akachagua kizito. Chepesi kina maradhi.

Prosesa haiingii.

Nimeigeuza kushoto, kulia, juu chini. Haiingii. Bodi ina vijishimo, prosesa haina hata kijisindano kimoja cha kuingiza humo. Nikamwita Yarrow aone. Yeye hakushtuka hata kidogo. Akasema hata ngamia jike hamkubali ndama mgeni siku ya kwanza, wafunikwe pamoja wanuse harufu, watazoeana. Nilitaka kubisha. Lakini mtu huyu amefanya kazi ya udalali tangu kabla sijazaliwa, na mimi nina siku tatu za video.

Nimeiweka prosesa juu ya bodi nikaifunika na kikoi changu.

Pia kile chuma cha kupoza joto ni kirefu kama matofali yaliyopangwa. Kasha halifungiki. Nimekaa juu yake. Bado halifungiki.

Ijumaa, 17 Januari

Hawajazoeana.

Nimempigia Yarrow kelele kwenye simu, naye akanipigia zaidi. Akasema nimemvunjia heshima, na jambo hili sharti liende kwa wazee. Basi baada ya sala ya Ijumaa tukaketi maslaha, baraza la kupatanisha, kwenye mkeka, uani kwetu, wazee watatu na Abti Kerrow katikati. Prosesa na bodi vikawekwa juu ya sahani ili kila mtu avione.

Wallahi nimechanganyikiwa mpaka sasa. Mzee mmoja aliuliza ni nani aliyeanza kumkataa mwenzake, prosesa au bodi. Nikasema vimekataana. Akasema haiwezekani, siku zote kuna mmoja anayeanza. Wa pili akauliza vilikotoka, duka moja au mawili. Yarrow akakiri: mawili. Wazee wakaguna kwa pamoja. Wa tatu alikuwa amelala.

Uamuzi ukatoka. Kosa ni la wote wawili. Yarrow aliyachukua maneno yangu bila kuyaelewa, nami niliyasema bila kuyaelewa. Yeye arudishe bodi Islii alete inayopatana na prosesa, na safari hii aende na prosesa yenyewe mfukoni, wenye duka waitazame. Mimi nichinje mbuzi, watu wasameheane.

Mbuzi ameliwa. Kipande changu kilikuwa shingo. Abdimalik ndiye aliyewanawisha wazee mikono, mmoja mmoja, na kila mmoja akamwombea dua. Mchawi huyu!

Jumapili, 19 Januari

Alhamdulillahi! Bodi mpya imefika, prosesa imeingia yenyewe, taratibu, bila kusukumwa. Nilikaribia kulia.

Kisha vijiti vya kumbukumbu vikakataa. Bodi ya kwanza ilikuwa ya kizazi cha nne. Hii ni ya cha tano. Sina mbuzi mwingine.

Nikabeba kila kitu kwenye karai mpaka kwa Bishar, mwenye duka la simu na kompyuta karibu na soko. Bishar alikagua karai lote. Vijiti akanibadilishia. Chuma kirefu akakitoa, akaweka kifupi. Halafu akafungua kasha akaona kazi yangu ya jana usiku: nilikuwa nimeweka sponji ya godoro kote ndani, kuta, sakafu, dari, ili sauti isitoke. Akaniuliza kwa upole kwa nini nimeivalisha mashine koti la baridi hapa Garissa. Nikamweleza habari za kimya. Akasema kompyuta ya kimya haijengwi kwa kuiziba pumzi. Weka feni kubwa, ikiwa kubwa inazunguka polepole, ikizunguka polepole haipigi kelele.

Feni kubwa ina kelele ndogo? Na feni ndogo ina kelele kubwa? Huyu naye! Lakini nimezinunua, maana alikuwa ameshaitoa sponji yote na hakutaka kuirudisha.

Jumanne, 21 Januari

INAFANYA KAZI.

Ni kimya mpaka mara mbili nimedhani imezimika, nikabonyeza kuiwasha, nikaizima. Nimeweka sikio kwenye kasha. Hakuna kitu. Nimemwita Idman naye aweke sikio. Akasema anasikia sauti ya mtu mwenye kiburi. Wivu tu.

Kesho zamu yangu inaanza. Mlango nimeutia mafuta ya kupikia kwenye bawaba. Saa ya ukutani nimeitoa betri. Jogoo wa jirani nimemwombea ruhusa, nimemfungia kwenye kikapu. Abdimalik hana habari. Alikuwa barazani akifuta vumbi kwenye ile mashine yangu kuukuu kwa kitambaa, akiimbaimba. Maskini.

Jumatano, 22 Januari

Ajabu. Abti hakulala.

Nilicheza tangu adhuhuri, kimya kabisa, nikifunga mabao bila kushangilia. Ghafla nikasikia kitanda chake kinalia. Kisha nyayo. Akafungua mlango wangu, ameshika fimbo! Akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, Abti. Akatazama kila pembe, akatazama chini ya kitanda, akaenda zake. Baada ya muda akarudi, akaniuliza tena kuna nini. Akazunguka nyumba nzima. Akamhesabu kila mtu uani kwa kidole, Idman, Abdimalik, mimi, akakaa kwenye ngazi mpaka alasiri na fimbo mapajani.

Lazima kuna kelele mahali. Nitaitafuta.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeipata! Ilikuwa Idman na kinu chake. Nimemwomba asitwange leo. Mbuzi wa jirani nimewapeleka mbali. Nimevua hata viatu. Nyumba ilinyamaza kiasi kwamba nilisikia tumbo langu.

Abti hakufunga jicho. Alikuja mlangoni zaidi ya jana. Macho mekundu, kilemba upande. Jioni akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kujua. Idman akaniambia nimemmaliza baba yake. Mimi! Niliyefanya hata jogoo akae kimya!

Sielewi. Lakini moyo umetulia, maana kesho ni zamu ya Abdimalik na ile kompyuta kuukuu, kinu cha mahindi. Kama Abti hakulala kwangu, kwa Abdimalik ataruka ukuta.

Jumamosi, 25 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana Abdimalik aliiwasha mashine kuukuu. Ikakohoa, ikanguruma, dirisha likatetemeka. Nikavuta kiti karibu nione Abti akitoka na fimbo. Hakutoka. Nikachungulia. Amelala chali, mdomo wazi, mkono umeanguka nje ya kitanda. Tulimwamsha kwa alasiri kwa kumtikisa. Leo hivyo hivyo, na akaota, akacheka ndotoni.

Baada ya chakula akatuita. Chumba ni cha Abdimalik.

Nikasema Abti, lakini ile mashine ina kelele! Akasema ndiyo, anajua, ndiyo anayoipendea. Kisha akaeleza, polepole, akinitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ujana wake wote alilala porini Hadado na ngamia, na kila ngamia shingoni ana kengele ya mti. Kengele zikigonga, mchungaji analala, mifugo ipo. Zikinyamaza, anaruka wima kabla hajafungua macho, kwa sababu ama fisi ameingia ama kundi limepotea. Akasema tangu ahamie mjini hakuwahi kulala vizuri mchana mpaka mimi nilipoleta kile kinachonguruma upande wa pili wa ukuta. Wakati ule alipotaja mbele ya wali kwamba anaisikia, alikuwa ananisifu. Alidhani chumba ni changu tayari, zamu ilikuwa heshima tu kwa mtoto wa dada yake wa pili. Tangu kinyamaze amekuwa akilala nusu nusu, na hizi siku mbili zangu, nyumba nzima ilipokufa sauti, akasema, alikuwa kila akisinzia anaona kundi limetoweka.

Abdimalik akainamisha kichwa. Idman akaingia jikoni, nikamsikia anacheka kwenye sufuria.

Moyo umeniuma, sitaficha. Nakipenda kile chumba. Jioni nimehamisha godoro.

Jumapili, 26 Januari

Stoo. Makaa yameingia mpaka masikioni. Lakini akili imepumzika, na sasa nimeelewa kilichotokea.

Abti ni mtu mzima. Mtu mzima hasemi mambo waziwazi. Hadithi ya kengele ni njia ya kunistahi mbele ya watu. Ukweli ni kwamba mashine yangu ilikuwa bado na sauti kidogo, ndogo kabisa, na sauti ndogo ndiyo inayoudhi kuliko kubwa. Zile feni za Bishar! Nilijua. Nimekwisha kuzungumza na Yarrow. Anaondoka kesho na lori, ataniletea mashine isiyo na feni hata moja, nyeupe yote. Amesema weupe ndio wapole. Mama ana mtamba mwingine.

Abdimalik amekuja stoo asubuhi. Ameibeba ile mashine kuukuu mikononi, nyaya zinaning'inia. Akasema hawezi kufurahi chumbani na mimi nalala kwenye makaa. Akasema walaal, ndugu yangu, chukua mashine yako, iwashe chumbani adhuhuri, Abti atalala, na yeye Abdimalik atamwomba Abti anirudishie chumba.

Kijana ana ujanja huyu! Anataka nikae tena na ile kelele, Abti akose usingizi, nifukuzwe hata stoo.

Nimemwambia asante sana ndugu yangu, rudi nayo, mimi si mjinga.